Softiboli haijafa: dhana zinazotukwamisha kuirudisha mtaani, na ukweli wake

Kila ukianzisha stori ya kurudisha softiboli (mchezo ndugu wa besiboli, timu moja inapiga mpira kwa gongo na kukimbia, nyingine inadaka) mtaani au shuleni utasikia sababu zilezile za kwa nini haiwezekani, na nyingi zinatoka kwa watu wanaoupenda huu mchezo kwelikweli, ndo maana zinauma. Hapa nimeweka zile zinazotukwamisha zaidi. Msimamo wangu nausema mapema: softiboli inapoteza watu pale majirani wanapokuwa hawana kazi yoyote ya kufanya uwanjani, na inarudi wakipewa kazi.

"Ni mchezo wa wenye pesa, bila vifaa kamili usianze"

Hii ndo kubwa kuliko zote na historia yenyewe inaikataa. Mwaka 1887 pale Chicago, sikukuu ya Shukrani, vijana walikuwa wamekaa ndani ya Farragut Boat Club wakisubiri matokeo ya mechi ya vyuo vikuu vya Yale na Harvard, mmoja akarusha glavu ya ndondi, mwingine akaipiga na fimbo, basi George Hancock akaifunga ile glavu kwa kamba ikawa mpira, wakachora uwanja kwa chaki sakafuni wakaanza kucheza. 1895 huko Minneapolis zimamoto mmoja anaitwa Lewis Rober akauweka mchezo wa aina hiyo kwenye kiwanja kitupu jirani na kituo chao ili wenzake wapate mazoezi huku wakisubiri kuitwa kazini. Na kipindi ambacho softiboli ilisambaa sana Marekani ni miaka ya 1930, uchumi umeanguka, watu hawana ajira, na viwanja ndo vikawa vinajaa, mpaka 1933 yakafanyika mashindano makubwa Chicago kwenye maonyesho ya dunia. Kwa hiyo huu mchezo ulikua wakati watu hawana hela, tusisahau hilo.

Sasa tuje kwenye vitendo. Timu inayopiga haivai glavu, zinavaliwa na walioko uwanjani tu, yaani glavu 10 za pamoja zinatosha timu mbili, zamu ikibadilika unamwachia mwenzako yako unaenda kupiga. Hakikisheni zipo na za wanaorusha kwa mkono wa kushoto, hawa wanasahaulika sana halafu tunashangaa mbona hawarudi. Magongo mawili matatu yanatosha kabisa kuanzia. Sehemu ambayo sikubali mtu abane matumizi ni vya kujikinga, barakoa ya mdakaji (yule anayekaa nyuma ya mpigaji), kinga zake za kifua na miguu, na helmeti za wapigaji. Kama hata hivyo hamna, anzeni na Baseball5, ambayo shirikisho la dunia, WBSC, liliizindua 2018 kwa kufuata mchezo wa mtaani wa Cuba: mpira wa raba, unapiga kwa mkono, wachezaji watano kila upande, wanaume na wanawake pamoja, hakuna gongo wala glavu. Mtoto akishajua kukimbia besi, yaani vile vituo vya uwanjani, na kusoma mchezo kwa njia hiyo, kumhamishia kwenye softiboli sio kazi ngumu.

"Ni besiboli ya wasichana"

Hapana jamani. Mashindano ya dunia ya wanaume yapo tangu 1966, mwaka mmoja tu baada ya yale ya kwanza ya wanawake yaliyofanyika Melbourne. New Zealand wamebeba kombe la wanaume mara 7, Argentina walilichukua 2019, Australia 2022. Halafu kuna Eddie Feigner, mrushaji aliyekuwa anazunguka na timu ya watu wanne tu, yeye akiwa mmoja wao, wanacheza na timu kamili na wanashinda, na mwaka 1967 kwenye mechi ya hisani Dodger Stadium aliwatoa mfululizo mastaa sita wa besiboli wakiwemo Willie Mays na Roberto Clemente, walishindwa kuupiga mpira wake. 2004 Jennie Finch, mrushaji wa kike wa softiboli, naye akamfanyia hivyohivyo staa wa besiboli Albert Pujols. Kwa hiyo ukisema mchezo wa wasichana unawafukuza wavulana, na wakati huohuo unawaambia wasichana kwamba wanacheza kitu kidogo. Unapoteza pande zote mbili kwa sentensi moja.

Na watu wazima wasiachwe. Kuna softiboli ya mrusho wa polepole, mpira unapanda juu kwa mkunjo, wachezaji 10 uwanjani, wanaume kwa wanawake wanachanganyika, baba wa miaka 50 anacheza na binti yake. Kwangu mimi huu ndo mlango mkubwa wa jamii kuingia, kuliko hata ligi ya watoto, maana mzazi anayecheza Jumamosi hatakataa kumleta mwanae Jumapili.

"Mpira wenyewe laini, hauumizi"

Jina linadanganya. Mpira wa mechi una mzunguko wa sentimita 30 na kidogo, uzito kati ya gramu 178 na 198, na ni mgumu. Mrushaji wa wanawake anasimama mita 13.11 kutoka kwa mpigaji, wakati kwenye besiboli ni mita 18.44, na mrusho wa Monica Abbott, mrushaji wa Marekani, umewahi kupimwa kilomita 124 kwa saa. Mpigaji ana chini ya nusu sekunde kuamua. Wanaoanza wapeni mipira ya mazoezi iliyo laini kweli, ipo, mtoto akigongwa usoni siku ya kwanza umempoteza yeye na mama yake.

"Kurusha kwa chini hakuchoshi bega, mwache arushe tu"

Hapa naomba makocha wa kujitolea wasome mara mbili. Kwa sababu mkono unazunguka kwa chini watu wanaamini hauumii, kwa hiyo timu nzima inategemea binti mmoja, anarusha asubuhi, anarusha mchana, anarusha fainali jioni. Vipimo vya wataalamu wa tiba ya michezo vinaonyesha mrusho wa kuzungusha mkono unabebesha bega na msuli wa mbele wa mkono mzigo mkubwa. Watu wanapenda kumtaja Yukiko Ueno wa Japan aliyerusha mipira 413 ndani ya siku mbili kwenye Olimpiki ya Beijing 2008 hadi wakachukua dhahabu, na kweli alifanya jambo la ajabu, lakini yule alikuwa mtu mzima, mchezaji wa kiwango cha juu kabisa, kwenye mashindano makubwa ya maisha yake. Mtoto wa miaka 12 sio Ueno. Fundisheni watatu wanne kurusha kila msimu, mkono ukiuma apumzike, hata kama mtafungwa. Na hapohapo mnapata faida nyingine, wazazi wanne wanaona mtoto wao ana nafasi badala ya mmoja.

"Olimpiki ikirudi mchezo utafufuka wenyewe"

Softiboli ya wanawake iliingia Atlanta 1996, ikachezwa mara nne mfululizo, kura ya 2005 ikaitoa kuanzia 2012, ikarudi Tokyo, michezo iliyofanyika 2021, ikakosekana Paris 2024, na sasa inarudi Los Angeles 2028 ambapo mechi zenyewe zimepelekwa Oklahoma City. Angalia hiyo ingia-toka. Nakubali Olimpiki inasaidia, hela za serikali nyingi huwa zinafuata orodha ya Olimpiki na watoto wanaona mashujaa kwenye tivii, ila ukijenga ligi yako juu ya hilo tu itakufa kila wakikaa kupiga kura. Mtoto akiwaka moto 2028 akatoka nje kutafuta pa kuchezea, lazima akute mtu mwenye mpira.

"Tunahitaji kwanza kocha mkubwa"

Mnahitaji kwanza anayeandika matokeo, anayechora mistari, anayeleta maji, na zaidi ya wote mwamuzi. Ligi nyingi ndogo zinakwama kwa kukosa waamuzi, na waamuzi wanaondoka kwa sababu ya matusi ya watu wa pembeni, wengine ni vijana wa miaka 16 wanatukanwa na mzazi wa miaka 40. Mzazi akizidi, atolewe uwanjani, hakuna mjadala. Na yule anayelalamika kila mechi mpe daftari la kuandika pointi, wengi wakishaona kazi ilivyo wanatulia.

"Mechi inakula siku nzima"

Raundi ni 7, sio 9 kama besiboli, na kuna kanuni ya kumaliza mapema timu moja ikizidi sana. Ligi ya mtaani inaweza kabisa kuipa kila mechi muda wa saa moja tu, kipenga kinalia, timu mbili zinatoka, mbili zinaingia, na glavu zinabaki palepale.