Je, wajua kwa nini mwimbaji kiongozi hupotea video ikichomwa kwenye DVD?

Kwaya imerekodiwa vizuri Chamwino, Dodoma, ngoma za muheme za Wagogo zinalia, na kwenye kompyuta mwimbaji kiongozi anasikika neno kwa neno. Faili inachomwa kwenye DVD, diski inawekwa kwenye deki sebuleni Nkuhungu, na kinachotoka ni waitikiaji, makofi na mwangwi wa ukumbi. Kiongozi mdomo unacheza, sauti hakuna. Hapo fundi aliyerekodi hulaumiwa, au diski huitwa feki. Mara nyingi wote wawili hawana kosa. Shida ni namna chaneli sita za sauti zilivyofanywa kuwa mbili, au zilivyoachwa bila kufanywa.

Sauti ya mzunguko ya 5.1 ina chaneli kushoto, kulia, katikati, nyuma kushoto, nyuma kulia, na ya sita ambayo hubeba besi peke yake. Anayechanganya sauti huweka maneno na mwimbaji kiongozi kwenye chaneli ya katikati. Muziki na waitikiaji huenda kushoto na kulia, mwangwi na makelele ya watu huenda nyuma. Sasa angalia nyuma ya deki yako. Deki nyingi za bei nafuu zina matundu sita ya sauti, lakini kwenye tivii au sabufa huenda waya mbili tu, nyekundu na nyeupe. Kama menyu ya deki imewekwa 5.1, waya hizo mbili zinatoa kushoto na kulia pekee. Katikati inatoka kwenye tundu ambalo halina waya, na kiongozi ametokea huko.

Kwa hiyo anza na deki, kwa sababu haigharimu kitu. Ingia kwenye mpangilio wa spika kwa rimoti, tafuta palipoandikwa "Downmix", chagua Stereo au LT/RT. Sauti ikirudi, diski ni nzima. Isiporudi, kosa lilifanyika kwenye kompyuta: kuna programu ambazo zikiambiwa zitoe chaneli mbili huchukua mbili za mwanzo na kuzitupa nyingine zote.

Kuchanganya kunakotakiwa kuna hesabu yake, na ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, limeiweka kwenye pendekezo lake la BS.775. Upande wa kushoto unapata kushoto yote, ukijumlisha katikati mara 0.707, ukijumlisha nyuma kushoto mara 0.707. Kulia ni vivyo hivyo. Hiyo 0.707 ni punguzo la desibeli 3, kwa kuwa katikati sasa inatoka kwenye spika mbili badala ya moja. Tatizo linakuja ukijumlisha: 1 + 0.707 + 0.707 ni 2.414. Ngoma, kiongozi na makofi vikipanda kwa pamoja, sauti inavuka kikomo na kupasuka. Ndiyo maana programu makini hugawanya kila namba kwa 2.414, ikabaki 0.414, 0.293 na 0.293. Kupasuka kunaisha, lakini sauti nzima inashuka karibu desibeli 8. Mtu anaongeza sauti ya tivii mpaka mwisho, kisha tangazo la kwanza la redio au king'amuzi linamrusha kwenye kiti.

Chaneli ya sita haimo kwenye hesabu hiyo. Kwa kawaida hutupwa. Kwenye mahubiri au mazungumzo hutaona tofauti. Kwenye ngoma za Wagogo utaiona, kama aliyechanganya aliiweka besi ya muheme huko peke yake. Na usitegemee sabufa kubwa ikuokoe: sabufa ya waya mbili haipokei chaneli ya sita, inachuja besi kutoka kwenye hizo mbili ilizopewa. Kisichokuwemo haikitoi.

Tunatumia programu ya ffmpeg kwa kazi hii, kwa sababu ni ya bure na unaiamuru namba unazozitaka kwa kuandika amri. Kwanza soma faili:

ffprobe kwaya.mkv

Kwenye mstari wa sauti tafuta 5.1 au 5.1(side). Usiupite haraka mstari huu. Ikiwa ni 5.1(side), kama ilivyo kawaida kwa sauti ya aina ya AC-3 (ndiyo Dolby Digital), chaneli za nyuma zinaitwa SL na SR. Ikiwa ni 5.1 tupu, kama ilivyo mara nyingi kwa sauti ya aina ya AAC, zinaitwa BL na BR. Ukikosea jina, sauti za nyuma hazitaingia kwenye mchanganyiko.

DVD yenyewe ina masharti. Haikubali AAC, ambayo ndiyo iliyomo kwenye MP4 nyingi. Inataka AC-3, PCM, MP2 au DTS, kwa sampuli 48,000 kwa sekunde. AC-3 kwenye DVD mwisho ni kilobiti 448 kwa sekunde, hata kama Blu-ray inafika 640. Kwa chaneli mbili 192 au 224 inatosha kabisa.

Ushauri wetu ni kuweka sauti mbili kwenye diski moja: ya kwanza chaneli mbili ulizozichanganya mwenyewe, ya pili 5.1 kwa mwenye spika sita. Deki kwa kawaida huanza na ya kwanza, na anayetaka ya pili hubonyeza AUDIO kwenye rimoti. Amri ni hii, iandikwe kwa mstari mmoja:

ffmpeg -i kwaya.mkv -map 0:v:0 -map 0:a:0 -map 0:a:0 -target pal-dvd -aspect 16:9 -b:v 4200k -filter:a:0 "pan=stereo|FL=0.35*FL+0.45*FC+0.2*SL|FR=0.35*FR+0.45*FC+0.2*SR" -b:a:0 224k -b:a:1 448k -center_mixlev:a:1 0.707 kwaya.mpg

Humo FL na FR ni kushoto na kulia, FC ni katikati; kama faili yako ina BL na BR, ziandike mahali pa SL na SR. Namba za kila upande zinajumlika kuwa 1, kwa hiyo haiwezi kupasuka hapo. Katikati tumeipandisha takriban desibeli 5 juu ya kipimo cha ITU ukilinganisha na kushoto na kulia, kwa sababu spika ndogo za tivii huwanyima waimbaji nafasi. Kwa ngoma tumia 0.3*FL+0.4*FC+0.15*SL+0.15*LFE (LFE ni ile chaneli ya sita ya besi), na kulia kwa mfano huohuo. Alama za nukuu zisiachwe; bila hizo kompyuta huona kila | kama mwanzo wa amri nyingine.

Ile center_mixlev ni maagizo kwa deki: ikibidi ichanganye 5.1 yenyewe, ipunguze katikati kwa desibeli 3. Usipoiandika, ffmpeg huweka 0.595, yaani desibeli 4.5, na kiongozi anazama kidogo zaidi.

Picha tumeiwekea 4200k, yaani kilobiti 4,200 kwa sekunde, kwa sababu ya nafasi. Diski ya GB 4.7 kwa saa mbili inabeba takriban megabiti 5.2 kwa sekunde, picha na sauti pamoja. Ukiuacha mpangilio wa pal-dvd ulio kwenye amri uamue, picha itachukua 6,000 na saa mbili hazitaenea. Kwa video ya saa moja unaweza kuipandisha mpaka 7,000.

Ukipanga menyu kwa programu nyingine, hakikisha imeamriwa kunakili sauti, isiigeuze upya. Hapo ndipo kazi nzuri huharibika mara ya pili.

Kuijaribu kwenye kompyuta hakutoshi, maana kompyuta huchanganya chaneli kwa namna yake na kuficha kosa. Choma dakika tano kwenye DVD-RW, uchague kipande ambacho kiongozi anaimba peke yake kisha ngoma zinaingia. Iweke kwenye deki ya waya mbili na usikilize kwa sauti ya kawaida ya sebuleni. Maneno yakisikika ngoma zikiwa zimepamba moto, choma nakala zote.