Kreni Haifanyiwi Upasuaji

Wiki hii nimeletewa tena mwongozo wa kreni, uliotafsiriwa kutoka Kiingereza kwenda Kinorwei, unaoagiza kwamba mtambo huo "skal opereres" na wataalamu waliohitimu pekee. Msomaji wa Oslo atajiuliza kwanza kreni inaumwa nini, maana "operere" ikiwa na kitu cha kutendwa humleta akilini daktari mwenye kisu. Mfasiri aliona "operate" ya Kiingereza, yaani kuendesha, akaona neno linalofanana nalo, akaridhika.

Kwa mashine hutumika "betjene", kitenzi kilekile cha mhudumu anayemsikiliza mteja dukani. Kwa kampuni hutumika "drive", na kwa programu ya kompyuta "kjøre", kama gari. Sisi ambao "kuendesha" hutubebea baiskeli, mkutano na duka kwa pamoja tunapaswa kuwa waangalifu maradufu.

Kwa "work" hali ni mbaya zaidi, kwa sababu Kiswahili nacho hutupoteza: karani, saa na dawa, vyote hufanya kazi. Kwa mtu hutumika "arbeide", au "jobbe" katika mazungumzo. Hapo hapana ugumu. Lakini ukisema "heisen jobber ikke", lifti haikuharibika, bali imegoma au imeachishwa kazi. Mnorwei husema "heisen virker ikke", au "fungerer ikke", na nikiulizwa ni lini nichague kipi, nakiri kwamba mara nyingi huamuliwa na sikio langu, si kanuni. Kinachoniudhi ni wanaodhani viwili hivyo hubadilishana popote. "Virke" pia ni kuonekana, hivyo "han virker som lærer" yaweza kumaanisha kwamba bwana huyo ni mwalimu kazini, au kwamba ana sura na mwenendo wa mwalimu tu. Katika Nynorsk, mojawapo ya namna mbili rasmi za kuandika Kinorwei, umbo lake ni "verke", ambalo pia ni kuuma, kama jino linavyouma. Katika Bokmål, namna ile nyingine, "verke" ni kuuma tu.

Hata hivyo, sina uhakika kamili na ukali wangu kuhusu "operere". Tangu mafuta ya Ekofisk, katika bahari ya Norwei, yagunduliwe mwaka 1969, Kiingereza kimezama sana katika lugha ya visima vya baharini, sheria ya petroli ya Norwei ya mwaka 1996 yenyewe humwita msimamizi wa shughuli za petroli za kila siku "operatør", na nimewasikia wafanyakazi wa huko wakisema "operere" kuhusu kreni bila kucheka. Kumsahihisha mtu anayeishi na mashine hiyo ni ujasiri nisiokuwa nao. Ila kreni ya mwongozo huu ni ya bandarini, kwa hiyo nimefuta "opereres" zote na kuandika "betjenes".