Kiinitete cha maabara kinapataje virusi?

Juzi nimekaa barazani Konde, kule Pemba, na mzee mmoja ana ng'ombe wawili wa maziwa, akanambia, "mwanangu, nasikia siku hizi ndama wanatengenezwa maabara, basi huko si kusafi, maradhi yatoka wapi tena?" Nikacheka, si kwa kumdharau, ila wengi wanafikiria hivo hivo.

Kiinitete ni yai la ng'ombe lililokwisha kurutubishwa na kuanza kugawanyika. Kuna njia mbili za kukipata. Ya kwanza ng'ombe mzuri anachomwa homoni atoe mayai mengi, anapandishwa, halafu kama siku ya saba kizazi kinasafishwa kwa maji maalumu na viinitete vinatoka nayo. Ya pili ndo ya maabara, mayai yanatolewa kwenye ovari, mara nyengine ovari zenyewe zimetoka machinjioni, yanakutanishwa na mbegu za dume kwenye kisahani, yanalelewa kama wiki moja kwenye kabati la joto, kisha yanapandikizwa kwa jike mwengine.

Kiinitete kina ganda lake, na virusi vingi haviwezi kulipenya. Chukulia yai la kuku lililopakaa mavi, madhali halijapasuka mavi yenyewe hayaingii ndani, kazi ni kile kilichoganda nje. Ila ganda la kiinitete cha maabara si sawa na la kile kilichokulia tumboni, virusi vinaling'ang'ania zaidi, na hapo ndo pagumu.

Sasa vimeingiaje? Ovari ya ng'ombe wa machinjioni nani anajua alikuwa na nini. Mbegu za dume nazo. Halafu kuna kile ambacho mzee alishangaa kabisa, chakula cha viinitete chenyewe, maana kwenye maji ya kulelea watu hutia seramu, yaani majimaji ya damu, ya vijusi vya ng'ombe, kijusi kimoja tu kikiwa na virusi vya BVD (maradhi ya ng'ombe ambayo jina lake kwa Kiingereza lina maana ya kuharisha kwa virusi) basi chupa nzima imekwisha. Na aina nyingi za hivi virusi haziui seli, mtaalamu anachungulia kwenye hadubini anaona kila kitu kizuri, kumbe wapi.

BVD ukiisikia kwa jina utadhani ni maradhi ya kuharisha tu, lakini balaa lake kubwa liko kwenye kizazi. Jike akiambukizwa na mimba changa, takriban siku ya 40 mpaka ya 120, mimba inaweza kutoka, au ndama akazaliwa na virusi mwilini, na kwa vile mwili wake ulivikuta kabla kinga haijakomaa unaviona ni vyake, haupigani navyo. Ndama huyo mara nyengine anaonekana mzima kabisa, huku anavimwaga kwa mate, makamasi na mkojo maisha yake yote. (Binadamu hatuambukizwi, usiogope maziwa kwa hilo.)

Dawa ya virusi kwenye kiinitete ni kuosha. Si kumwagia maji ukamaliza, kiinitete kinahamishwa kisahani hadi kisahani mara 10, kila mara maji mapya na kitone kidogo tu cha maji ya nyuma, kama unavosuuza dagaa wenye mchanga kwa kubadilisha beseni. Kwa baadhi ya virusi, kama vya IBR (maradhi ya njia ya hewa ya ng'ombe) vinavyogandia ganda, katikati hutiwa tripsini, kimeng'enya kinachokata protini, viachie. Na kabla ya yote ganda liangaliwe halina ufa wala uchafu. Hata hivo kwa kiinitete cha maabara BVD inaweza kubaki, ndo maana seramu na ng'ombe wanaotoa mayai wanapimwa kabla.

Mzee akasema, "lakini si wanakigandisha?" Ami, naitrojeni ya nyuzi 196 chini ya sifuri inahifadhi kiinitete na kirusi pamoja!

Sisi visiwani tumezoea bahari itukinge. Unguja tulimaliza mbung'o kwa kurusha madume tasa, wa mwisho alinaswa 1996, na bahari ikasaidia wasirudi. Mtungi wa naitrojeni lakini unapanda boti kama abiria mwengine. Kwa hivo nikamwambia mzee, siku akiletewa kiinitete aulizie cheti kinachosema kimeoshwa vipi na mama wa yai alipimwa nini, na huyo jike wake atakaekibeba naye apimwe, maana anaweza kuwa yeye ndo mwenye virusi, halafu lawama zikenda maabara.