Umeme ulikatika saa kumi, mashine zikawaka hadi alfajiri

Jumanne moja ya mwezi wa saba umeme ulikatika Njiro, Arusha, saa kumi jioni. Ofisi ya mteja wangu, kampuni ya kupeleka wageni mbugani, ilikuwa na watu 41 kazini. Jenereta ikagoma. Wakasubiri nusu saa, wakakata tamaa, wakaenda zao nyumbani. Kesho yake asubuhi nilipofungua ripoti ya matumizi nikakuta mashine zote 6 za wingu, yaani kompyuta wanazozitumia kupitia mtandao, zimewaka usiku kucha bila mtu hata mmoja kuzitumia.

Tangu siku ile mafundi watatu wameniuliza swali linalofanana: nimeshaweka ratiba ya kuzima mashine, mbona bili haishuki? Mara nyingi shida ni hii. Mfumo unaowasha na kuzima mashine wenyewe unahesabu vikao, yaani deskitopu iliyofunguliwa kwa kila mtu, na kikao kilichokatika bado unakihesabu.

Ofisi ile inatumia Azure Virtual Desktop, huduma ya Microsoft ya deskitopu za Windows kupitia mtandao, na mashine zake pepe ziko Johannesburg. Mfanyakazi hana deskitopu yake peke yake. Anapokelewa na mashine yoyote iliyo na nafasi, na mafaili yake ya binafsi yanamfuata kwa FSLogix, zana ya Microsoft ya kazi hiyo. Kila mashine nimeiwekea ukomo wa vikao 10. Ukomo huo uweke kwa makini, kwa sababu hesabu zote zinazofuata zinasimama juu yake. Ukiandika namba kubwa kupita uwezo wa mashine, mfumo utaona nafasi ipo tele huku watumiaji wakilalamika kwamba kompyuta inaburuta miguu.

Ratiba ya siku ina vipindi vinne: kupandisha, kilele, kushusha na utulivu. Hapa Waswahili tuna mtego wetu. Meneja alinitajia kwamba kazi inaanza saa mbili, kijana niliyemwachia kazi akaandika 02:00. Mashine zikawa zinaamka usiku wa manane na kusubiri watu kwa saa sita. Kwa hiyo mteja akikutajia muda, uandike papo hapo kwa saa 24, umsomee, akubali. Hakikisha pia majira ya ratiba ni ya Nairobi, ambayo ndiyo yetu, kwa sababu mfumo unafuata majira yaliyoandikwa kwenye ratiba bila kujali ofisi iko wapi.

Asubuhi ninatawanya: kila anayeingia anapelekwa kwenye mashine yenye watu wachache, ili 41 wakifungua kwa pamoja isielemewe moja. Jioni ninajaza, kama daladala ya Sakina isiyoondoka mpaka siti ziishe. Anayeingia anapelekwa kwenye mashine yenye watu wengi zaidi ambayo bado haijafika ukomo, na nyingine zinabaki tupu zizimwe.

Kizingiti, yaani kiwango cha kujaa kinachofanya mfumo uwashe mashine nyingine, cha asubuhi nimekiweka asilimia 70. Kipindi cha kupandisha kinaanza 07:15, na kiwango cha chini cha mashine zinazowaka ni asilimia 50, yaani mashine 3 kati ya 6. Mashine 3 zina nafasi 30. Asilimia 70 ya 30 ni vikao 21. Kikiingia cha 22, mashine ya nne inaitwa. Sikuweka 90 kwa sababu mashine haiamki kwa kufumba na kufumbua, na wale wanaoingia wakati inaamka wanahitaji pa kukaa. Kizingiti hicho hicho kinaendelea kutumika wakati wa kilele, na kile cha jioni kinaendelea hadi usiku. Fundi asiyejua hili hutafuta kisanduku cha kukijaza mara ya pili, asikione.

Sasa turudi kwenye ile Jumanne. Umeme ulipokatika, mawasiliano ya kila mtumiaji yalikatika, lakini deskitopu zao kule Johannesburg ziliendelea kuwa wazi, na barua na hesabu zao juu ya meza. Hilo ni jambo jema: umeme ukirudi baada ya dakika 20, mtu anaendelea pale pale alipoachia. Lakini watu hawakurudi, na vikao 41 vikabaki vimetawanyika kwenye mashine 6. Jioni mfumo ukatafuta mashine isiyo na kikao ili uizime, haukuipata. Nilikuwa nimeuagiza uzime mashine pale tu ambapo hakuna kikao cha aina yoyote, na ukatii.

Kuna chaguo la kuzima mashine ikiwa haina kikao kinachotumika, hata kama ina vilivyokatika. Nililikataa. Mhasibu anayeandaa ankara ya kundi la wageni 12 hastahili kupoteza kazi yake mara tu umeme unapomkatikia. Kuna pia kuwatoa watu kwa lazima baada ya kuwatumia ujumbe, nalo sikulichukua. Pale kuna watatu wanaoongea na wateja wa Marekani: saa kumi na mbili jioni ya Arusha ni saa tano asubuhi New York wakati wa kiangazi chao, na saa nne wakati wa baridi. Ukiwatoa muda huo umewatoa katikati ya biashara.

Nilichofanya ni kuweka kanuni ndani ya Windows yenyewe: kikao kilichokatika kikikaa masaa matatu, kifungwe. Umeme ukikatika saa kumi, vikao vinafungwa saa moja usiku, na mfumo unapata mashine tupu za kuzima. Wale watatu wa Marekani niliwaomba jambo moja: saa kumi na mbili watoke kabisa, kisha waingie upya. Kikao kilichokwisha kufunguliwa hakihamishwi, ila ukiingia upya jioni unapelekwa walipo wengine. Badala ya kuwasha mashine tatu kwa watu watatu, tunawasha moja.

Kufuatilia ndiko watu wengi wanakopuuza. Washa kumbukumbu za mfumo huu, zipelekwe Log Analytics, sehemu ya Azure ya kutunza na kusoma kumbukumbu, kisha kila asubuhi soma jedwali linaloitwa WVDAutoscaleEvaluationPooled. Linaonyesha kila tathmini iliyofanywa, na kama ilifanikiwa au ilishindwa. Likionyesha kushindwa tangu siku ya kwanza, angalia ruhusa: Azure Virtual Desktop yenyewe lazima ipewe ruhusa ya kuwasha na kuzima mashine, na ipewe kwenye ngazi ya usajili mzima wa Azure.

Kingine ni mashine iliyozimwa kutoka ndani ya Windows. Kwenye skrini inaonekana imelala, lakini bado imeshikiliwa kwa ajili yako na unaendelea kulipa. Iliyozimwa na mfumo, au na wewe kutoka kwenye tovuti ya Azure, inaachiliwa, na unabaki kulipia diski.

Na usiridhike na idadi ya vikao. Mfumo huu hauangalii prosesa. Watu 6 wanaofungua picha za simba zenye ukubwa wa ajabu wanaweza kuilemea mashine yenye nafasi 10, na hakuna kitakachoamka kuwasaidia. Mimi hupima muda unaopita kati ya mtu kubonyeza kitufe na programu kukipokea. Windows ina kipimo hicho kwa kila kikao. Kikipanda, ninapunguza ukomo wa vikao kabla simu ya "kaka, imeganda" haijaingia.

Ratiba inajua siku za wiki. Haijui misimu, na Arusha inaishi kwa misimu. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa kumi ofisi inajaa. Masika ya Aprili na Mei hata mashine 2 zinatosha. Sabasaba na Nanenane zinaangukia katikati ya msimu, na mgeni wa Ujerumani anayetaka kujibiwa hajui kwamba ni sikukuu, kwa hiyo nusu ya ofisi inakuja kazini. Kundi moja la mashine linakubali mpango mmoja tu wa ratiba kwa wakati, basi nina mipango miwili, wa masika na wa kiangazi. Wiki ya mwisho ya Mei ninaondoa ule, ninaunganisha huu, na kesho yake ninafika ofisini mapema kuliko wafanyakazi niangalie mashine 3 zikiamka.