Si Mkopo: Pesa ya Mtoto kwenye Kodi ya Marekani

Ikifika Februari, sisi tunaokaa kwenye meza za kuwajazia watu fomu za kodi ya mapato bila malipo hulisikia swali moja mara nyingi kuliko yote: "Hii pesa ya mtoto nikiichukua, nitaanza kuilipa lini?" Anayeuliza kwa kawaida ni mzazi aliyefika Marekani miaka miwili au mitatu iliyopita kutoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Nakivale au Kakuma. Ameshaambiwa kwamba nchi hii mtu akiharibu deni lake ameharibu jina lake. Kosa si lake. Fedha hizo kwa Kiingereza huitwa "Child Tax Credit", zina neno "credit", na mashine za tafsiri, pamoja na baadhi ya wakalimani wetu, wakaona jibu ni "mkopo wa kodi". Mtu mwenye akili timamu akisikia mkopo hurudi nyuma.

Si mkopo, na hailipwi. Mimi huiita nafuu ya kodi ya mtoto. Kodi ya mapato ni deni lako kwa serikali, na nafuu hii hulipunguza deni hilo dola kwa dola. Upekee wake ni kwamba deni likiisha na nafuu ikabaki, sehemu ya kilichobaki hulipwa kwako pamoja na rifandi yako, yaani pesa ya kodi unayorudishiwa na serikali. Hata ambaye hesabu yake ya kodi ni sifuri anaweza kulipwa. Lakini shika hilo neno sehemu.

Kwa mapato ya mwaka 2025, ambayo hujazwa mwaka 2026, nafuu ni hadi dola 2,200 kwa kila mtoto. Kiwango hicho kilitokana na sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025. Kabla ya hapo kilikuwa dola 2,000 tangu mwaka wa kodi wa 2018, isipokuwa mwaka mmoja. Mwaka huo ni 2021, ule ambao wengi bado wanaukumbuka kwa uchungu kidogo: kuanzia Julai hadi Desemba pesa ziliingia kila mwezi, na mtoto mdogo alihesabiwa dola 3,600 kwa mwaka. Mpango ule uliisha na mwaka wake. Siku hizi hakuna malipo ya kila mwezi, na anayekupigia simu akidai anaweza kukurudishia yale ya 2021 anatafuta namba zako ili akuibie.

Turudi kwenye sehemu. Katika zile dola 2,200, zinazoweza kulipwa mkononi hazizidi 1,700 kwa mtoto. Tena zinakuja kwa kipimo cha kazi: chukua mapato yako ya kazi, ondoa dola 2,500 za kwanza, kisha tafuta asilimia 15 ya kinachobaki. Mapato ya kazi ni mshahara ulioandikwa kwenye W-2 (karatasi ya mshahara wa mwaka anayokupa mwajiri), au faida ya kazi yako mwenyewe, mfano kusuka nywele au kupeleka chakula kwa gari. Msaada wa fedha wanaopewa wakimbizi miezi ya mwanzo, SSI (msaada wa serikali kwa wazee na wenye ulemavu wa kipato kidogo), na malipo ya kukosa kazi havimo. Ndiyo maana familia iliyopitisha mwaka wake wa kwanza kwa msaada tu haipati kitu hapa, hata ikiwa na watoto sita.

Mfano. Mama anaishi peke yake na watoto wawili, anafungasha nyama kiwandani, W-2 yake inasoma dola 22,000. Anajaza kama mkuu wa kaya, na kwa mwaka 2025 sheria inamwachia dola 23,625 bila kutozwa kodi ya mapato, kwa hiyo kodi yake ni sifuri. Nafuu ya watoto wawili ni 4,400, lakini hana kodi ya kupunguza. Tunakwenda kwenye kipimo: 22,000 toa 2,500 ni 19,500, asilimia 15 yake ni 2,925. Hizo ndizo atakazolipwa, maana hazijafika ukomo wa 3,400 wa watoto wawili. Angefika ukomo huo kama angepata mshahara wa karibu dola 25,170.

Jirani yake mwenye watoto wawili na mshahara wa 30,000 anatoka hivi: kodi yake ni kama dola 638, nafuu inaifuta yote, kisha analipwa 3,400 taslimu. Jumla amefaidi 4,038, na zile 362 zilizobaki katika 4,400 zinapotea. Kwa hiyo mwenye kipato kidogo zaidi ndiye anayepata kidogo zaidi. Mimi siuoni utaratibu huu kuwa wa haki, ila kazi yangu hapa ni kukueleza ulivyo. Kwa upande wa juu, nafuu huanza kupungua mapato yakizidi dola 200,000, au 400,000 kwa mume na mke wanaojaza pamoja. Hilo halitusumbui sana mezani kwetu.

Kinachotusumbua ni mtoto mwenyewe. Nani mtoto?

Kwetu swali hili halina maana. Mtoto wa kaka yangu ni mwanangu, mtoto wa mama mkubwa ni kaka yangu, na yule tuliyemchukua kambini baada ya wazazi wake kufariki ni wa nyumbani, nukta. Fomu ya kodi ya Marekani ina ukoo wake, na ukoo huo ni mwembamba. Unakubali mtoto wa kumzaa, wa kambo, na aliyeasiliwa kisheria. Unakubali mjukuu. Unakubali mdogo wako, awe wa baba mmoja au mama mmoja, na unakubali mtoto wa kaka yako au wa dada yako. Wengi hushangaa wakisikia hilo: shangazi anayemlea mpwa wake wa miaka tisa anaweza kudai nafuu hii bila karatasi ya mahakama, mradi masharti mengine yametimia. Binamu hakubaliki. Mtoto wa kulea anakubaliwa tu ikiwa amewekwa kwako na mahakama au wakala anayetambulika kisheria.

Hapo ndipo lugha yetu inaponasa watu. Unaulizwa, "Huyu ni nani kwako?" Unajibu kwa moyo safi, "Mdogo wangu." Anayejaza anaandika "brother". Kumbe ni mtoto wa mama mdogo, yaani kwa macho ya serikali ni binamu, na sasa fomu yenye saini yako ina habari isiyo ya kweli. Kwa hiyo mezani usitaje cheo cha ukoo, simulia uzazi: huyu ni mtoto wa mama fulani, na mama huyo ni dada wa mama yangu wa kuzaliwa tumbo moja. Ni maneno mengi, najua, na mzee mmoja anaweza kuona unamvunjia heshima ukimtenga mtoto hivyo. Mweleze kwamba ni ya fomu tu.

Na binamu au yatima uliyemchukua hapotei kabisa. Akiwa ameishi nyumbani kwako mwaka mzima, wewe ndiye unayebeba zaidi ya nusu ya gharama zake, na hakuna mwingine mwenye haki ya kumdai, anaweza kukupatia nafuu nyingine ya dola 500. Hiyo hupunguza kodi tu, hailipwi mkononi.

Mtoto anayehesabika ni lazima awe ameishi nawe zaidi ya nusu ya mwaka. Aliyelala hospitali au aliye shule ya bweni anahesabiwa yuko nyumbani, na mtoto mchanga aliyezaliwa Novemba anahesabiwa pia. Aliyebaki Bujumbura kwa bibi hahesabiwi, hata kama unamtumia ada kila muhula. Tena awe raia wa Marekani au mkaazi kwa sheria za kodi. Familia iliyotua uwanja wa ndege miezi ya mwisho ya mwaka ina hesabu yake ya siku za ukaazi. Waje na tarehe ya kuingia, wasijijazie wenyewe kwenye simu.

Umri ni chini ya miaka 17 mpaka mwaka unakwisha. Kwa 2025 maana yake ni aliyezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 2008. Wasomaji wangu wanajua ni wangapi kati yetu "walizaliwa" tarehe 1 Januari kwa sababu ofisa wa kambi alihitaji kujaza kisanduku. Safari hii tarehe hiyo inasaidia: kijana aliyeandikwa 1 Januari 2009 bado ana miaka 16 siku ya mwisho ya 2025, kwa hiyo anahesabika. Aliyeandikwa siku moja kabla yake hahesabiki, ingawa anaweza kuingia kwenye ile nafuu ya dola 500.

Halafu namba. Mtoto awe na namba ya utambulisho ya Social Security, sosho kama tunavyoiita, inayoruhusu kazi, na iwe imetolewa kabla ya tarehe ya mwisho ya kujaza. Kadi iliyoandikwa kwamba inafaa kwa kazi kwa idhini ya DHS (wizara ya usalama wa ndani) tu inakubalika maadamu idhini hiyo ingali hai. Iliyoandikwa kwamba haifai kwa kazi haikubaliki. Mwenye ITIN, namba ya kodi ya wasio na sosho, anaangukia kwenye dola 500. Jambo jipya kuanzia mwaka wa kodi 2025 ni kwamba mzazi naye anatakiwa kuwa na sosho ya namna hiyo. Wakijaza mume na mke pamoja, ya mmoja wao inatosha. Nyumba zenye mzazi mwenye ITIN pekee na watoto raia, ambazo hadi mwaka wa kodi 2024 zilikuwa zikipata, sasa zimefungiwa mlango. Tumeshaanza kuwaona wakirudi na fomu za 2024 mkononi kutuonyesha kwamba walipewa.

Kudai kwenyewe ni kufupi: Fomu 1040, na pamoja nayo karatasi iitwayo Schedule 8812 ambamo hesabu niliyoeleza juu hufanywa mstari kwa mstari. Njoo na kadi za sosho za watu wote wa nyumbani, W-2 zote za mwaka, kitambulisho, na namba ya akaunti ya benki iliyo kwa jina lako. Tarehe ya mwisho kwa mapato ya 2025 ni 15 Aprili 2026. Ambaye hakujaza ya 2022 na alikuwa na haki ya rifandi, tarehe hiyo hiyo ndiyo mwisho wake pia. Baada ya hapo pesa hiyo inabaki serikalini. Vituo vya bure vya VITA (mpango wa kujaziwa kodi na watu wa kujitolea) viko majimbo yote, na namba ya kuulizia kilicho karibu ni 800-906-9887.

Usishangae ukiona kimya. Sheria ya 2015 inaizuia IRS, idara ya kodi ya Marekani, kutoa rifandi yenye nafuu hii kabla ya katikati ya Februari, na inazuia rifandi yote, si sehemu ya watoto pekee. Huo ndio msimu wa wanaotangaza "pesa leo leo", na hapo sasa ndipo kuna mkopo wa kweli: wanakukopesha rifandi yako mwenyewe, na ada zinaweza kukatwa humo humo. Anayekujazia kwa malipo anatakiwa kutia saini yake na namba yake ya PTIN, ambayo IRS huwapa wajazaji wa kodi wa kulipwa. Akikwambia tia saini wewe tu, chukua karatasi zako uondoke.

Kuna pia biashara ya kuazimana watoto: mwenye watano humwuzia mwenye hana. Watoto hawa wakidaiwa kwenye fomu mbili, barua zinakwenda nyumba zote mbili. Aliyedanganya makusudi hunyimwa nafuu hii miaka 10, aliyepuuza masharti kwa uzembe miaka 2, juu ya kurudisha alichochukua.

Barua inaweza kumfikia hata asiye na kosa, hasa shangazi na bibi. Inataka ushahidi wa mambo mawili, ukoo na makazi. Makazi huthibitishwa na karatasi ya shule, ya kliniki au ya mwenye nyumba, yenye jina la mtoto na anwani yako kwa mwaka unaohusika. Ukihama, kabla ya kufungua maboksi ya vyombo, pita shuleni ubadilishe anwani.