Usifanye mtihani wa kupangiwa masomo siku unayojiandikisha chuo

Wanafunzi wengi wanaofika kwangu wameshaambiwa kwamba mtihani wa kupangiwa masomo (placement test) katika chuo cha jamii (community college) hapa Marekani hauna kufaulu wala kufeli. Ni kweli, na wanaosema hivyo wana nia njema ya kumtuliza mgeni. Lakini mtu aliyesoma Tanzania, Kenya au Congo, ambako mtihani ndio uliokuwa unaamua maisha, akisikia hakuna kufeli anaelewa kwamba hakuna haja ya kujiandaa. Anakaa mbele ya kompyuta siku ile ile aliyokuja kujiandikisha, pengine ametoka zamu ya usiku, hajagusa sehemu wala asilimia tangu amalize kidato cha nne. Matokeo yakitoka anapangiwa masomo ya marekebisho, yaani ya kurudia misingi, ama peke yake ama yakiwa yameambatanishwa na kozi ya chuo. Ada yake analipa, saa zake anakaa darasani, na krediti zake hazihesabiwi kwenye shahada.

Nafundisha watu wazima hisabati ya kujiandaa na mtihani huu hapa Texas, na wengi wao ni wazungumzaji wa Kiswahili: wa Kigoma, wa Uvira, wa Bujumbura, wa Mombasa. Ninachowasihi ni kwamba mtihani huu unaandaliwa, na wiki chache za mazoezi ya kila siku zinaleta tofauti kubwa. Wengi wenu hamjasahau hisabati. Mnaulizwa mambo mnayoyajua, ila kwa vipimo, alama na mazoea ya nchi nyingine.

Kabla ya kufungua daftari, uliza kama unalazimika kuufanya. Hapa Texas anasamehewa mwenye alama za kutosha za SAT au ACT, ile mitihani ya kuombea nafasi chuoni, na vilevile aliyehamia na krediti za chuo za somo husika. Vyeti vya nje vina njia yake: hutathminiwa kwanza na shirika linalokubaliwa na chuo, na World Education Services ni mojawapo ya yanayotumika sana. Kama una shahada ya Dar es Salaam au Lubumbashi, shughulikia hilo mapema, na jibu la chuo, liwe ndiyo au hapana, lipate kwa maandishi. Na ndugu yako wa San Diego akikuambia kwao hakuna mtihani kama huu, hakudanganyi. California ilipitisha sheria mwaka 2017, ile inayojulikana kama AB 705, inayovitaka vyuo vya jamii kutazama zaidi rekodi ya mtu ya sekondari. Sababu ilikuwepo. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walionyesha kwamba mitihani ya aina hii ilikuwa ikiwapeleka watu wengi kwenye madarasa yasiyowafaa, na kwamba alama za sekondari zinatabiri vizuri zaidi nani atamudu masomo ya chuo. Basi alama yako ikiwa ndogo, usiichukue kuwa kipimo cha akili zako.

Majimbo mengi yanatumia ACCUPLACER, mtihani wa College Board, shirika lile lile la SAT, ambao alama za kila sehemu huanzia 200 hadi 300. Texas ina wake, TSIA2, ulioanza Januari 2021. Hisabati ina maswali 20, na alama inayokuingiza moja kwa moja kwenye kozi ya chuo ni 950. Kiingereza kina maswali 30, nusu ya kusoma na nusu ya kuandika, na kinataka 945 pamoja na insha yenye alama 5 au zaidi kati ya 8. Usipofika hapo, kompyuta inakuletea maswali mengine 48 ya uchunguzi. Hapa ndipo roho za watu wengi zinapovunjika. Wanaona maswali yanaanza upya, wanajua mambo yameharibika, wanaanza kubofya ili waondoke. Kumbe nafasi bado ipo: ukipata kiwango cha 6 kwenye uchunguzi wa hisabati, umevuka. Kwenye Kiingereza inatosha kiwango cha 5, mradi insha nayo imefika 5. Ukiona yale 48 yanakuja, simama, kunywa maji, kisha anza kama mtihani mpya.

Inawezekana kufanya hivyo kwa sababu mtihani hauna saa. Nalisema hili kila darasa, na bado watu wanakimbia. Tumelelewa na mitihani ya saa tatu, msimamizi anatangaza dakika zilizobaki, na mwili umezoea hivyo. Hapa hakuna anayekuhesabia. Soma swali mara mbili, mara tatu. Aliyejifunza Kiingereza ukubwani anaihitaji ruhusa hii kuliko mtu yeyote mle chumbani.

Kitu kingine kinachowachanganya ni kwamba kompyuta hubadilisha ugumu wa maswali kulingana na majibu yako. Ukijibu vizuri, yanayofuata yanakuwa magumu zaidi. Kwa hiyo anayefanya vizuri ndiye mara nyingi anayetoka akiamini ameharibu. Pia huwezi kurudi kwenye swali ulilokwisha kulipita, kwa hiyo ule mtindo wetu wa kuruka magumu na kuyarudia mwishoni hauna kazi. Kikokotoo chako hakiingii. Kilichopo ni cha kwenye skrini, na hujitokeza kwa baadhi ya maswali tu.

Sasa tuingie kwenye hisabati yenyewe. Chukua swali kama hili: koti linauzwa dola 80, limepunguzwa bei kwa asilimia 25, kodi ya mauzo ni asilimia 8.25, mteja atalipa kiasi gani? Wanafunzi wangu karibu wote wanafika 60 bila shida. Wengi wanaishia hapo, au wanatoa kodi badala ya kuijumlisha. Wala si uzembe. Duka la Nairobi au Arusha, bei iliyoandikwa ndiyo unayolipa, VAT imo ndani. Hapa kodi inaongezwa mwisho, unapofika kwa keshia, na inakokotolewa kwenye bei iliyokwisha kupunguzwa. Asilimia 8.25 ya 60 ni 4.95, kwa hiyo jibu ni dola 64.95. Ukishalipa mara mbili tatu dukani huku unalitazama lile karatasi la risiti mstari kwa mstari, hutalikosa swali hili tena. Mazoezi ya bure hayo.

Vipimo vinataka kukaririwa, hakuna njia ya mkato. Futi moja ni inchi 12, yadi ni futi 3, maili ni futi 5,280, pauni ni aunsi 16, galoni ni kwota 4. Angalieni zaidi maeneo. Chumba cha futi 12 kwa 15 kina futi za mraba 180. Zulia likiuzwa kwa yadi za mraba, wengi hugawa kwa 3 wakapata 60, na 60 hiyo mara nyingi imewekwa kwenye majibu ikiwasubiri. Yadi moja ya mraba ina futi za mraba 9, kwa hiyo zulia linalotakiwa ni yadi za mraba 20.

Waliosoma Congo na Burundi kwa Kifaransa wana jambo lao la ziada. Kwenu mkato ndio unaotenga desimali. Hapa ni nukta, na mkato unatenga maelfu. Mama mmoja, mhasibu mzoefu wa Bukavu, alikuwa akikosa maswali mepesi kuliko yote. Nilipomwomba anisomee swali kwa sauti, alisoma 2,500 kuwa mbili na nusu. "Mwalimu, hii hesabu yenu inakosa akili," akaniambia, na kwa jinsi alivyoisoma alikuwa na haki kabisa. Tuliandika ukurasa mzima wa namba za hivyo, akawa anazisoma kwa sauti kila anapokuja. Hisabati yake haikuwa na tatizo lolote.

Waliosoma kwa mfumo wa Kiingereza cha Uingereza, yaani Watanzania na Wakenya, nao wana orodha yao fupi. Kilichoitwa "gradient" hapa ni "slope". "Indices" ni "exponents", "surds" ni "radicals", HCF ni GCF, na BODMAS mtaisikia kama PEMDAS. Andika jozi hizo kwenye karatasi moja, uibandike jikoni, basi. Ukilikuta "slope" kwa mara ya kwanza ndani ya chumba cha mtihani, unaweza kulikosa swali uliloliweza tangu kidato cha tatu.

Insha inataka maneno 300 hadi 600, kwa Kiingereza, na husahihishwa na programu ya kompyuta. Hapa tabia zetu nzuri zinatuangusha. Mwalimu wa insha alitufundisha kufungua kwa methali, tuzunguke kidogo, tupambe, kisha hoja ije polepole ikiwa imevaa vizuri. Swali la mtihani huu linaweza kuwa: je, mtu hujifunza zaidi kwa kushindwa au kwa kufanikiwa? Mwanafunzi wetu anaanza na wahenga, anaendelea na binadamu tangu enzi na dahari, na aya ya kwanza inakwisha bila msomaji kujua yuko upande gani. Anza hivi, kwa Kiingereza chepesi: naamini kushindwa hufundisha zaidi, kwa sababu humlazimisha mtu kuchunguza alichofanya na kwa sababu mafunzo yake hayasahauliki. Sentensi hiyo imeshakupangia aya mbili zinazofuata. Kila moja ipe mfano kutoka maishani mwako, na mifano mnayo: kambi, safari, kazi ya kwanza ya kiwandani. Usiogope kwamba ni ya kawaida. Zoea pia kuchapa kwenye kibodi halisi. Kuna vijana wanaoandika kwa kasi ya ajabu kwenye simu, ila mbele ya kibodi wanatafuta herufi moja moja, na fikra inakatika njiani.

Mazoezi ya bure yapo. College Board wenyewe wanatoa maswali ya majaribio, na Khan Academy, tovuti ya masomo ya bure, inatosha kabisa kwa sehemu, uwiano, asilimia, milinganyo ya mstari na grafu. Ningependa uanze na jaribio moja zima kabla hujasoma chochote, ili ujue ulipo, kisha usome kidogo kila siku badala ya kujibana Jumapili nzima. Texas inakutaka pia upitie maelezo ya utangulizi kabla ya mtihani. Wengi huyapita wakibofya "endelea". Yasome, kwa sababu yanaeleza njia ulizonazo ukipata alama ndogo.

Na alama ikiwa ndogo, uliza mambo mawili kwa mshauri wa masomo. Kwanza, lini unaweza kurudia na kwa gharama gani. Alama za TSIA2 hudumu miaka mitano, hakuna anayekufukuza. Pili, kama unaweza kuingia kozi ya chuo moja kwa moja pamoja na darasa la msaada muhula huo huo, badala ya kuanza na masomo ya marekebisho peke yake. Sheria ya Texas ya mwaka 2017 ilivisukuma vyuo vya umma kuelekea huko. Usilichukulie hili kijuujuu kama unategemea Pell Grant, ule msaada wa ada wa serikali ya Marekani kwa wanafunzi wenye kipato kidogo. Msaada huo una kikomo cha mihula 12 ya masomo ya muda wote kwa maisha yote, na kwa masomo ya marekebisho hulipia krediti zisizozidi 30.

Ukiwa bado mbele ya mshauri, muulize programu yako inataka hisabati ya aina gani. Anayekwenda uhandisi anaihitaji aljebra ya chuo, hana pa kukwepea. Lakini programu nyingi za afya na za sayansi ya jamii zinapokea takwimu, na nimeona watu wakihangaika muhula mzima na aljebra isiyotakiwa na shahada yao, kwa sababu tu hakuna aliyeuliza kabla jina halijaandikwa darasani.