Nyuso mbili za Ilija Bosilj

Ukikutana na picha ya Ilija Bosilj, anza na vichwa. Mtu mmoja ana nyuso mbili, huu unatazama kushoto, ule kulia. Hata ndege na wanyama wake wamo wenye vichwa viwili. Wengi hupita wakisema ni michoro ya kitoto. Kazi yangu ni wachoraji waliojifundisha wenyewe, na kwa Ilija sioni utoto wowote.

Alizaliwa 1895 huko Šid, katika Serbia ya leo, akawa mkulima. Uchoraji aliuanza 1957, akiwa na miaka 62. Kufikia hapo alikuwa ameonja mengi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliwakimbia Ustaša, wafashisti wa Kikroatia, akaenda Vienna na wanawe. Amani iliporudi, alipambana na wakuu wapya waliotaka wakulima waunganishe mashamba yao. Aliyepitia tawala hizo anajua kuwa binadamu ana uso wa hadharani na uso wa sirini. Ndivyo ninavyozisoma nyuso zile mbili.

Ulimwengu wa picha zake aliuita Ilijada, kutokana na jina lake mwenyewe. Humo watu wana mabawa na wanaruka. Usitafute mstari wa ardhi wala kivuli. Mara nyingi nyuma yao kuna rangi ya dhahabu tupu, kama kwenye ikoni, yaani picha takatifu za Wakristo wa Kiorthodoksi, basi huwezi kujua ni mchana au usiku. Visa vya Biblia na mashujaa wa tenzi za Kiserbia wanaingia pia, lakini wakishaingia wanafuata sheria za Ilija: nao huota mabawa, nao hupata uso wa pili.

Kisha zikaja shutuma, na hadi leo zinaniuma. Kwa kuwa mwanawe Dimitrije alikuwa mhakiki wa sanaa, watu walidai kwamba ndiye mchoraji halisi. Mwaka 1965, mjini Zagreb, mzee huyo wa miaka 70 aliketishwa mbele ya kamati ya wataalamu achore wakimwona. Akachora. Waliomshuku wangeanza kwa kutazama kazi za Dimitrije mwenyewe, aliyejulikana kama Mangelos: matufe ya dunia na mbao nyeusi zilizoandikwa maneno, herufi kwa herufi, kwa nidhamu kali. Hakuna bawa hata moja.